Naftaly amekwama hewani

Jackie wacha hiyo chai usome hii. Naftaly amekwama hewani. Meneja mzima!

Unakumbuka ile foklifti ya umeme aliyotuletea akiringa, eti siku hizi magodauni yote yanatupa za dizeli? Hiyo hiyo.

Jana alitaka Sylvance apandishe mtu juu ya paleti akabadilishe balbu. Sylvance akakataa, na ndiye dereva pekee aliyesomea hiyo mashine. "Mimi nainua mizigo, siinui watu." Akafutwa kazi hapo hapo, mbele yetu sote. Eti mwoga.

Leo sasa mwenyewe akapanda, balbu mkononi, na karani ndiye wa kuendesha. Karani, Jackie! Mtu wa kalamu! Kufika juu kabisa, betri ikaisha. Na chaja ni nani aliichomoa asubuhi achomeke birika lake la chai? Yeye!

Nusu saa amekumbatia rafu akilia kama mbuzi aliyefika machinjioni Kiamaiko. Meneja mzima.

Anayejua kuishusha kwa mkono ni Sylvance tu. Nikampigia, nikaweka spika. Yuko kwake Pipeline, ametulia, hata hacheki.

"Huyo aliye juu ni mtu ama mzigo? Kama ni mtu, mimi nilifutwa kwa kukataa kubeba watu. Kama ni mzigo, nakuja."

Naftaly akaangalia chini. Akaangalia tena.

Jackie, amesema. "Mimi ni mzigo."

Sylvance akasema laini ni mbaya, hajasikia, arudie.