Kompyuta ya Meza au ya Kubeba

Jumamosi. Butembo imeamka na ukungu, baridi ile ya kuvaa koti hata ndani ya nyumba. Sina furaha wala huzuni. Nina uchovu wa barabara, basi.

Jana nilienda Beni na yaya Katungu, dada yangu mkubwa, kutafuta kompyuta. Jana hiyohiyo sikujua niandike nini, ndiyo maana naandika leo.

Tulipokuwa bado kwetu Luofu, nilisoma matangazo kwenye redio ndogo ya pale. Sauti ilikuwa yangu, lakini kuikata na kuisafisha ilikuwa kazi ya wengine. Tangu tukimbie vita na kuja huku, tunauza maharagwe sokoni, mimi na yaya. Sasa kuna redio moja hapa mjini inayotafuta mtu wa montage, yaani wa kupanga na kusafisha sauti. Mkubwa wao aliniambia atanijaribu nikishaijua programu ya kurekodi. Programu yenyewe ni ya bure. Kilichokosekana ni mashini ya kujifunzia nyumbani.

Papa Yusufu anauza huko Beni kompyuta zilizokwisha kutumika, ambazo kaka yake huzileta kwa lori kutoka Uganda. Alituwekea mbili mbele yetu, bei ileile.

Ya kwanza ilikuwa ya kubeba. Nyembamba, safi, na courant, yaani umeme, ikikatika inaendelea kwa betri yake. Niliipenda kabla ya kuigusa. Papa Yusufu akachomeka micro ya kusemea, akanipa casque ya kusikilizia, nami nikasoma tangazo la mbuzi aliyepotea, kama zamani. Sauti yangu ilinirudia masikioni ikiwa imechelewa, kama mtu anayeniiga nyuma ya mlango. Nilipoongeza sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, mashini ikaganda.

Papa Yusufu hakuficha. "Mama, hii iko ya kuandika barua. Kwa mambo ya sauti itakusumbua tu."

Ya pili ilikuwa ya meza: sanduku la chuma lenye mikwaruzo, skrini nene, nyaya nyingi.

"Kwa macho iko mubaya," akasema, "mais ndani iko na nguvu."

Nikapandanisha sauti nne. Haikusita. Feni yake inavuma kidogo, donc micro lazima ikae mbali nayo. Na haina betri. Papa Yusufu akaongeza onduleur ya zamani, kisanduku chenye betri, ili courant ikikatika nipate muda wa kuhifadhi kazi na kuzima.

Yaya alikuwa ameketi juu ya katoni. Hapo ndipo akauliza:

"Na siku tutakimbia, utabeba hii na nini?"

Papa Yusufu hakucheka. Alianza kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. Beni hakuna anayehitaji kuelezwa swali kama hilo.

Siku tulipotoka Luofu nilibeba godoro. Mpaka leo sijui kwa nini godoro. Mvua ikalilowesha, likawa zito kama mtu, nikaliacha kando ya njia na kuendelea. Yaya alikuwa mbele yangu, akageuka, akaona.

Ningependa kuandika kwamba jana nilikuwa na ujasiri. Hapana. Niliona tu kwamba nataka kununua mashini isiyoweza kazi yangu, kwa sababu ni nyepesi siku ya kukimbia.

Nikachagua ya meza.

"Hii hatutaibeba, yaya," nikamwambia. "Kama tunakimbia, itabakia."

Yaya akainuka kutoka kwenye katoni. Njia nzima ya kurudi aliipakata skrini, ameifunika kwa kitenge chake. Kwenye barrière ya barabarani askari akauliza ni nini ile. Nikafungua mdomo, lakini yaya akanitangulia.

"Iko ya kazi ya mudogo wangu," akasema, akatazama mbele.

Leo asubuhi nimeiunganisha chini, juu ya mkeka. Nyumba hii ina vitanda, viti viwili na masufuria. Chakula tunakula tukiwa tumeshika sahani magotini. Nimelala kifudifudi mbele ya skrini, najifunza kukata sauti za pumzi katikati ya maneno. Si kazi ngumu. Inataka sikio na subira.

Yaya alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Utaumiza mugongo," akasema. "Ambia fundi ya mbao atutengenezee meza. Mais kubwa, tukule pale pia."

Kisha akachukua gunia lake, akaenda sokoni.

Nimepima nafasi ya meza kwa kamba, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Fundi anakaa nyuma ya kanisa. Nitampitia kesho baada ya misa.