Bwawa Yako Imejaa

Gad, mujukuu wangu, roho yangu,

Umuhire wa jirani ndiye anaandika, mimi nasema tu. Hapa Nkungu mbuzi imezaa mapacha, na bwawa ya samaki uliyochimbisha imejaa mpaka ukingoni. Batu banakuja kuiangalia. Bananiambia, "Maman, sasa muko na Kivu yenu!" Ninabajibu, "Basi mukunywe, muende."

Gad, wewe si mubaya. Mubaya ni huu mudomo wangu. Mwaka ule tulitoka Kongo kuja hapa, nilikuwa na mutoto wa maziwa, dada mudogo wa baba yako. Homa ikamuua. Nilimuzika kwenye shamba ya ndizi, bila musalaba, sababu kwetu mutoto wa maziwa hatajwi tena. Uliposema udongo wa pale ndio unashika maji, nilinyamaza. Mashini ikachimba, lori ikabeba udongo kwenda kujaza barabara.

Kila asubuhi nilikuwa napita kumusalimia. Sasa sijui nimusalimie kwenye maji ao kwenye barabara.

Usikuje kuomba radhi. Kula vizuri, mutoto wangu.

Nyanya yako,
Védastine