Kamera ya Kuinamia

Jumamosi, 14 Agosti 1993. Asubuhi baridi. Ukungu uliifunika milima ya Uluguru mpaka Bigwa; saa nne jua likatoka.

Baba,

Shikamoo. Tangu utuache, mji umejaa vitu. Kamera ndogo za betri zinauzwa sokoni pamoja na redio na saa, na kuna duka lenye mashine inayosafisha picha za rangi wateja wakisubiri. Mdogo wangu Deo amenunua kamera inayoingia mfukoni mwa shati. Yako ya macho mawili akaitafutia mnunuzi, aje Jumatatu. "Dada, hilo ni la makumbusho." Nikakubali, ila leo niliibeba kwenda Mlali, nimalize filamu iliyobaki kisha niiage.

Ilikuwa jubilei ya ndoa ya Mzee Kobelo na Bibi Agnesi. Deo akainua kamera yake, ikamulika, akasema tayari. Bibi hakuinuka, bado anangoja kupigwa picha.

"Tayari nini? Hicho kiberiti ndicho kimepiga picha?"

Deo akapiga tena. Bibi akamgeukia mumewe: "Huyu mtoto ananinyooshea kitu usoni tu. Baba yake, Mungu amrehemu, siku ya ndoa yetu alituinamia kwanza."

Watu walicheka, Baba. Mimi nikakuona: kamera tumboni, kichwa chini, unakitazama kioo kwa juu kama unayewaamkia. Miaka yote nilidhani ni kamera tu inayotaka hivyo. Kumbe wenzako walikuwa wanapokea heshima yao.

Nikaitoa kamera yako begini. Mzee akavua kofia bila kuambiwa. Bibi akanyoosha kitenge. Nikainama, nikasema maneno yako: "Mlima hautikisiki, nasi tusitikisike." Kwenye kioo nikamwona Bibi anamfinya mumewe kiunoni kwa siri. Nikabonyeza hapo hapo.

Jioni nimeisafisha picha. Mzee mdomo wazi, Bibi ametulia kama sista, na nyuma yao mlima wote, hauna hata wingu. Deo aliitazama ikiwa bado inachuruzika maji, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu, taratibu: "Dada, yule wa Jumatatu tumwambieje?"

Mwambie ina kazi, nikamjibu. Kesho anataka nimfundishe kuinama.

Pumzika, Baba wangu. Nakuahidi, mzee yeyote atakayeketi mbele ya kamera yako atainamiwa kwanza.

Picha inakauka kwenye kamba yako. Nazima taa saa nne na robo usiku, bado nacheka.