Punguza Upepo kwenye Tairi

Makena mjukuu wangu, salamu zikufikie huko jangwani Chile. Hapa Columbia Heights sote tu wazima. Snoo, hiyo theluji ya huku, imeisha, na nyanya yako amepanda sukuma nyuma ya nyumba kana kwamba maduka yamefungwa.

Unauliza: kwa kuwa umeanguka mara mbili kwenye mchanga, uiache pikipiki upande basi? Mjukuu wangu mimi, abebwe na basi?

Sikiliza. Nikiwa kijana nilikuwa napeleka chanjo ya watoto ng'ambo ya jangwa la Chalbi, na hakuna aliyenishinda kuendesha pikipiki. Siku moja mchanga ukanibwaga, nikainuka, ukanibwaga tena. Ndani ya sanduku barafu inayeyuka, na chanjo ikipata joto imeharibika. Akapita mama mmoja na ngamia waliobeba nyumba yake nzima. Akacheka.

"We kijana, punguza upepo kwenye hizo tairi."

"Mama, umewahi kuendesha pikipiki?"

"Sijawahi. Lakini tazama mguu wa ngamia unavyotandaa. Wa pikipiki yako ni mgumu kama kichwa chako."

Nilikataa. Nikaanguka mara ya tatu, mbele yake. Ndipo nikatoa upepo, na pikipiki ikapita mchangani kama inacheza ngoma. Nilifika barafu ingalipo. Akina mama wakapiga vigelegele, watoto wakalilia sindano.

Basi punguza upepo, na wenyeji wakikucheka, wasikilize. Miaka yote hii nimesema niligundua mwenyewe. Nyanya yako usimwambie.

Ni mimi babu yako, dereva ambaye hajapata mpinzani.