Gari Nililosema Haliwaki

Kwako Mshauri, nakusalimu, na nakuomba unisaidie kwa maana mimi mwenyewe sijielewi tena. Ni mfanyabiashara wa maharagwe huku Embu, upande wa Runyenjes, nina mke anaitwa Marcella, na nina gari dogo, Austin la mwaka 1934, nililonunua kwa mwalimu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo nimelipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda chuma, najua kila mlio wake, viti nilivishona upya kwa mkono wangu, na mlima ukilishinda nashuka na kuliambia pole.

Mwaka jana serikali ilipotuhamishia kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, mkubwa wa homgadi, wale askari wa kulinda kijiji, Muriithi, alichukua lori la mwenzangu kwa kazi za Emajensi, hii hali ya hatari, likarudi bila milango. Nikaogopa. Nikatoa rota, kile kijipande cha ndani ya distribyuta ambacho kisipokuwapo injini haishiki moto, nikakificha chini kabisa katika mkebe wa majani ya chai, nikatangaza kwamba gari limekufa. Muriithi alikuja, akazungusha hendeli mpaka akatoka jasho, akaenda zake. Nilifurahi, Mshauri, sikufichi.

Mwezi wa nne mwaka huu, saa nane mchana, jirani yangu Njeru alikuja mlangoni akihema. Mke wake Ciakuthii alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto haji, na mkunga amesema apelekwe hospitali.

"Gitari, hilo gari halitawaka hata kidogo?"

Rota ingerudi mahali pake kwa dakika mbili. Lakini Muriithi alikuwa amesimama langoni mwa kijiji akitutazama, na mdomo wangu ukasema, "Haliwaki, ndugu yangu. Ungejua ninavyoumia."

Basi wakamfunga kwenye machela, wakambeba maili saba. Mama alipona. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia.

Kinachonichanganya ni kwamba Njeru hakunikasirikia. Hajui mengi ya injini, lakini kila Jumapili akitoka kanisani anakuja na spana ya kuazima, anasafisha plagi moja moja, ananiambia, "Hatuwezi kuliacha lioze. Najua lingewaka siku ile ungetupeleka." Mimi namshikia kitambaa. Siku nyingine natamani mtu alichome moto, halafu mvua ikinyesha nakimbia kulifunika na blanketi la kitandani kwetu. Nikiketi ndani peke yangu nasikia raha, kisha naionea aibu hiyo raha. Juzi nilifungua mkebe nikakuta rota imeviringishwa katika kitambaa safi ambacho si mimi niliyekiweka. Marcella bado anapika chai kutoka mkebe uleule. Ananiwekea chakula, anatoka nje. Je, anajua? Nimwambie Njeru, au nitamuumiza bure kwa kuwa mtoto harudi? Niliuze? Bado nalipenda, Mshauri, na sijui ni mtu wa namna gani anayeweza kulipenda baada ya hayo.

Mwenye Gari, Embu

JIBU

Bwana Mwenye Gari, Marcella anajua. Mwanamke anayepika chai kila siku anaujua mkebe wake mpaka chini. Amekufungia hicho chuma kisishike kutu, na anakungoja useme.

Kulipenda gari si kosa, wala sikulaumu kwa kumficha mwenye bunduki mali yako. Siku hizi kila nyumba ina kitu chini ya mkebe. Lakini Njeru hakuja na bunduki. Alikuja na mke anayekufa, nawe ukapima, ukachagua bati. Tena umemwacha miezi yote hii akipangusa plagi za uongo wako. Hilo la pili ni baya, na unaweza kulimaliza wiki hii.

Zungumza kwanza na Marcella, leo. Kisha nenda kwa Njeru kwa miguu, usimngoje Jumapili. Mwambie mbele ya Ciakuthii, kwa maana tumbo lilikuwa lake. Usimtaje Muriithi hata mara moja, usipeleke zawadi, wala usiwaombe wakufichie siri. Akikupiga, usirudishe. Akinyamaza, usimharakishe. Halafu gari liwake, na mgonjwa yeyote wa kijiji hicho apande. Muriithi akilichukua, amelichukua. Usiliuze, ukiliuza utajidanganya kwamba umelipa.

Jibu hili nilikutumia kwa posta wiki tatu zilizopita, nikazuia lisichapwe mapema ili uwahi kwenda kabla Njeru hajalisoma. Majina nimeyabadilisha, lakini Austin kama lako huko kwenu ni moja tu, na Njeru anajua kusoma. Kama bado hujaenda kwake, weka gazeti hili chini, uondoke sasa hivi.