Mchumba Wangu Alipeleka Majibu Chumba cha Pili

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie. Mimi ni binti wa Kintinku, nilikuwa na kazi Dar es Salaam kwenye ofisi yenye kompyuta inayopanga mgao wa mahindi ya njaa kwa vijiji vya Ujamaa, kazi yangu ni kupima hesabu kwa programu ya kusaka makosa, unaiamuru nayo inachapa majibu kwenye taipureta ya mezani, isipochapa kitu ujue hakuna kosa. Basi mchumba wangu Simeoni, tunayefanya naye kazi, alichoshwa na kelele za taipureta akaiamuru programu ipeleke majibu yote kwenye mashine kubwa ya kuchapa chumba cha pili, akaondoka bila kuyarudisha wala kunieleza, asubuhi nikapima, taipureta kimya, nikaruhusu mgao, kumbe kule karatasi ilisema kijiji kimoja kimeachwa, na wafagiaji wakaitupa. Haya kaniambia Simeoni mwenyewe baadaye. Malori hayakufika, na mtoto wa dada yangu Raheli, aliyeolewa kijiji hicho, tumemzika.

Mimi nimefukuzwa, eti sikupima. Simeoni alinisihi ninyamaze, akasema, “Nikifukuzwa na mimi, tutakula nini?” Ng'ombe wa mahari wako zizini kwa baba. Na ile amri bado ipo, anaogopa kuiondoa asije akaulizwa nani aliiweka, na sasa Dorika, aliyeshika nafasi yangu, anapima mgao mwingine mbele ya taipureta ile ile. Nifanye nini?
Felista, Kintinku

Felista mwanangu, pole sana kwa msiba. Sasa nikugombeze. Umeanza na mchumba, habari ya Dorika ukaiweka mkiani. Simeoni kusahau ni ubinadamu. Kukuacha ubebe mzigo wake huku yeye akila mshahara, huo ni uoga, na mwoga wa namna hiyo atakuuza tena ukiwa mkewe. Anauliza mtakula nini? Akamuulize Raheli. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nawe mshindo wake umeshausikia.

Jibu hili nimekutumia pia kwa posta, maana gazeti huchelewa. Ukilipata, usivue hata viatu. Nenda stesheni upeleke simu ya maandishi kwa mkuu wa ofisi: asimamishe mgao, asome karatasi za chumba cha pili. Kisha mweleze baba yako yote, ajue ng'ombe huenda wakarudi kwa kina Simeoni. Utalia, lia tu.

Mtoto wa Raheli hatuwezi kumrudisha. Lakini kijiji kitakachoachwa safari hii kina mtoto ambaye leo bado yu hai.