Risiti Nyeusi ya Betri

Alhamisi

Na bado nina hasira na mume wangu Mutua, ingawa mambo yameisha vizuri.

Betri ya gari imekufa baada ya miezi minane tu, na waranti yake ni ya mwaka mzima. Asubuhi nimeibeba mwenyewe hadi dukani, karibu na Soko la Burma. Dada wa kaunta akaomba risiti. Nikatoa ile ambayo Mutua aliipeleka saiba, kwa watu wa kompyuta na fotokopi, ikafunikwe plastiki, ati isiharibike. Joto la mashine liliichoma ikawa nyeusi tititi. Mutua hufunika kila karatasi, hata kadi ya kliniki ya mtoto.

"Mama, hapa sioni kitu," dada akasema.

Jumamosi tunampeleka mama mkwe hospitali, na bila gari...

Lakini akatoa kitabu chao cha kuandikia waranti, akapekua polepole mpaka akatupata. Wameandika Mutuwa, lakini ni sisi. Wakaipima betri, wakanipa mpya.

Jioni gari limewaka mara moja. Mutua akatabasamu, akauliza risiti mpya iko wapi.

Nimemwambia sijui. Iko ndani ya Biblia yangu.